Springi Iliyokaa Mfukoni

Cha kufunga kwa mpira hufungukia konani. Methali hiyo mmeisikia leo kwenye kikao cha maji, mzee mmoja alipokataa bomba lililopasuka lifungwe kwa nailoni, na sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Haikutoka mbali. Ilitoka hapa hapa Lufumbi, na ilianza kwa ugomvi wa mke na mume, asubuhi, mlangoni kwao.

"Springi ninayo. Sijasema sina," Gwakisa alikuwa akisema, huku akikaza madumu mawili ya maziwa nyuma ya pikipiki.

"Unayo mfukoni," mkewe Tumpale akamjibu. "Ikiwa mfukoni haishiki kitu. Ile ya zamani ilikatika lini?"

"Juzi."

"Juzi gani? Ilikatika maharage yakiwa bado shambani. Leo yamo ghalani, na stendi bado umeifunga kwa mpira."

"Na mpira umeshika."

Stendi ni ule mguu wa chuma, upande wa kushoto, unaoegemeza pikipiki inaposimama. Dereva akiondoka huukunja kwa kisigino, na springi huubana usishuke njiani. Springi ya Gwakisa ilipokatika, alichana utepe wa tyubu kuukuu akaufungia mguu ule kwenye fremu. Akifika anafungua, akiondoka anafunga.

Hakuwa peke yake. Siku zile dereva wa Lufumbi alisifiwa kwa vitu alivyoweza kufunga kwa mpira: taa, kiti, betri, hata bomba la moshi. Aliyekwenda kwa fundi alitaniwa kijiweni. "Mwenzetu leo kampeleka mtoto kliniki," walisema, na utani huo ulimfuata wiki nzima. Gwakisa alikuwa na mipira kumi na mmoja kwenye pikipiki moja, na alijivunia yote.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mkewe. Springi mpya alikwisha kujaribu kuifunga, Jumapili moja, nyuma ya banda la ng'ombe. Springi ile ni fupi na ngumu. Ndoano moja ikishika, ya pili hubaki mbali na tundu lake kwa upana wa vidole viwili. Aliivuta kwa koleo, ikachomoka, ikampiga kidole hadi ukucha ukawa mweusi. Tumpale aliambiwa kwamba ni mlango uliombana. Fundi Mwaikambo angeifunga mara moja, lakini karakana yake ilitazamana na kijiwe.

"Hayo maziwa si yako," Tumpale alisema. "Ni ya wanawake saba, na mama yangu yumo. Mwenye pikapu kaja mara mbili kuwaomba wampe yeye kazi. Wamemkataa kwa sababu yako. Ukiyamwaga utawaambia nini?"

"Sijamwaga tone tangu nianze."

"Sikuuliza habari za tangu uanze."

Gwakisa alipiga kiki, akaondoka. Kituo cha maziwa kilikuwa kilomita tisa, na hawapokei baada ya saa tatu.

Mvua ilikuwa imenyesha, na mpira ukilowa huteleza. Kwenye mashimo ya mteremko wa kwanza fundo lilianza kulegea, kwenye mteremko wa pili likafunguka, na mguu wa chuma ukashuka taratibu. Injini ilinguruma, hakusikia. Kona ya kwanza ilikuwa ya kulia. Pikipiki ililala kulia, mguu ukabaki hewani, akapita kama kawaida. Ya pili, karibu na shamba la chai, ilikuwa ya kushoto. Alipolaza pikipiki, chuma kilichimba ardhi, pikipiki ikaruka kama ng'ombe aliyekanyagwa kwato, na Gwakisa akajikuta mtaroni katikati ya majani ya viazi. Madumu yalipasuka vifuniko. Maziwa ya wanawake saba yakateremka barabarani, meupe juu ya udongo mweusi. Mbwa walifika kabla ya watu.

Watu wenyewe walikuwa wawili, waliokuwa wakichuma chai pale juu: Bi Tusajigwe, mama mkwe wake, na jirani yake Atupele. Maziwa yao wote wawili yalikuwa yakinywewa na mbwa.

"Umevunjika?" Bi Tusajigwe aliuliza.

"Hapana, mama."

"Inua mkono. Na huo mwingine. Haya, simama nikuone."

Alisimama. Atupele alikuwa ameinama kwenye pikipiki. "Ala, kumbe springi ya stendi imekatika," alisema. "Pole, mkwe wetu. Chuma hakina rafiki. Tutawaambia wenzetu imekatikia njiani, ni bahati mbaya."

Hapo Gwakisa alipewa mlango wa kutokea, mpana, na aliyeufungua hakujua. Angenyamaza tu, kazi ingebaki yake. Mkono wake ulikuwa mfukoni, juu ya springi. Alimtazama mama mkwe, aliyekuwa akimfukuza mbwa kwa fimbo bila neno la lawama, akaona hawezi.

"Haikukatika leo," alisema, akaitoa. "Hii hapa mpya. Nimekaa nayo wiki tatu."

Bi Tusajigwe aliipokea, akaigeuza kiganjani.

"Mbona hukuifunga?"

"Ilinishinda, mama. Nikaona haya kwenda kwa fundi. Na mpira ulikuwa unashika."

"Ulikuwa unashika barabara iliyonyooka," alisema Bi Tusajigwe. "Barabara iliyonyooka haidai kitu, hata mimi ningeshika. Cha kufunga kwa mpira, baba, hufungukia konani."

Akamrudishia springi. "Sasa sema. Kesho maziwa yabebwe na nani?"

"Msiniulize sasa," Gwakisa alijibu. "Niulizeni nikitoka kwa Mwaikambo. Na siipandi, naisukuma."

Aliomba kisu cha Atupele, akakata mipira yote kumi na mmoja pale pale barabarani. Kiti kililegea, taa ikaning'inia. Kisha akaanza kusukuma kupanda kilima, wanawake wawili nyuma yake na madumu matupu.

Kijiweni walimwona kwa mbali.

"Daktari, mgonjwa huyo," alisema mmoja. "Mtoto ana nini leo?"

"Ana mengi," Gwakisa alijibu, bila kusimama. "Nimemchelewesha."

Fundi Mwaikambo hakushika koleo. Aliikunja springi upande mmoja, pete zake zikafunguka, naye akachomeka washa, vile vyuma vidogo vya mviringo, moja moja katika nafasi. Akaikunja upande wa pili, akachomeka nyingine. Springi ikabaki ndefu bila mtu kuivuta. Akaitia ndoano zote mbili kwa vidole, kama mtu anayefunga kifungo cha shati. Alipoukunja mguu na kuukunjua, washa zikaanguka chini, na springi ikajibana.

"Basi?" Gwakisa aliuliza, akitazama ukucha wake.

"Basi. Ulitaka iwe ngumu? Lete hiyo taa."

Taa ikapata skrubu, kiti kikapata bolti. Bi Tusajigwe akaja, akaukanyaga mguu wa stendi ukashuka, akaupandisha kwa kidole cha mguu, ukaruka mahali pake na kutulia. Akarudia mara tatu. Halafu, bila kumuuliza Atupele, akanyanyua madumu matupu akayaweka nyuma ya pikipiki, mahali yalipokaa siku zote.

"Kayaoshe vizuri," alisema. "Ng'ombe wanakamuliwa jioni."

Gwakisa akapiga kiki, akaelekea mtoni. Nyuma yake, mmoja wa wale wa kijiweni alikuwa akivusha pikipiki yake kuja karakana, akijifanya anatafuta kivuli.

Kwa hiyo mkimwona mtu ana dawa mfukoni na kidonda amekifunga jani, mwambieni mapema, barabara ingali imenyooka: cha kufunga kwa mpira hufungukia konani.