Kipimo cha Pembe ya Kifaru

Zamani zile, wanangu, wanyama walipokuwa wakilima na kujenga maghala, mto wao ulianza kujaa tope. Chifu Tembo akatangaza kwamba mkulima atakayeacha kichaka ukingoni, asilime mpaka majini, atapewa kikapu cha mahindi kila mavuno.

Digidigi akaacha kichaka. Shamba lake lilikuwa dogo, likazidi kuwa dogo.

Baada ya mavuno, Tembo alimtuma Kifaru apime kama vikapu vimewaongezea wakulima kipato. Kifaru haoni mbali, kwa hiyo alipima kwa pembe. Aliitumbukiza ghalani: ikifunikwa yote na mahindi, mwenye nyumba ana kipato, isipofunikwa, hana.

Kwa Digidigi ilifunikwa ncha tu, ikagonga sakafu. Ko!

"Hata na kikapu cha chifu, mahindi yamepungua," akasema Kifaru. "Kichaka kinakutia umaskini. Nitasema barazani kikatwe."

Digidigi akakitazama kichaka. Mizinga yake ya nyuki ilikuwa mle, na wanawe walijificha mle kila chui alipopita. Lakini hakubisha.

"Sawa, mzee. Ila hutatoka kwangu na njaa."

Kifaru alikula uyoga, akala kambare, akaramba asali mpaka bakuli likang'aa. Kila chakula kilipoletwa, Digidigi alimweleza kilikotoka. Mgeni akalala kivulini, akaamka, akaomba asali nyingine ya njiani.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi. Mgeni aliyelishwa humshukuru mwenyeji mbele ya baraza, akitaja kila alichokula na kilikotoka. Akiruka kimoja, amemtukana mwenyeji.

Barazani Kifaru akasema kichaka kikatwe. Alipotaka kuketi, Digidigi akakohoa.

"Na shukrani, mzee?"

Kifaru hakuwa na budi. Akataja uyoga, wa kichakani. Asali, ya kichakani. Kambare, wa mto unaopita chini ya kichaka.

"Na mahindi?" akauliza Tembo.

"Sikuonja hata punje."

Baraza zima likaangua kicheko. Kifaru akaitazama pembe yake kana kwamba ndiyo iliyosema.

"Kichaka kisiguswe," akaamua Tembo.

Digidigi akainua shingo, akawatazama majirani mmoja mmoja.

"Na kikapu cha Digidigi apewe jirani yake Nyati," Tembo akaendelea. "Anayeweza kumshibisha Kifaru, kikapu cha nini?"

Basi, wanangu, ukipima shamba usiishie ghalani, na ukipimwa wewe, usimshibishe mpimaji kupita kiasi.