Kakakuona Aliyekataa Kufunguka

Wanangu na dada zangu, Mungu alipokuwa akiumba wanyama, kuna siku nadhani alicheka. Mtazameni mhanga: masikio ya punda, pua ya nguruwe, mgongo umepinda kama bibi kizee anayetafuta sindano. Lakini shimo alilochimba yeye, akishalihama, ngiri analala humo na watoto wake. Mjukuu wangu kanisomea kitabu chake cha shule, eti huko Australia kuna mnyama ana mdomo wa bata, anataga mayai kama kuku, na watoto wakianguliwa anawanyonyesha kama mbuzi. Nikamwambia, weka kitabu chini kwanza, bibi yako apumue. Na chini kabisa baharini eti kuna samaki mwenye sura ya kuliza watoto, lakini kabeba taa yake mwenyewe kichwani, maana huko aliko jua halifiki. Ukiwatazama unasema, hawa wamekosewa. Ukikaa nao unaona neno jingine.

Leo nina neno la kakakuona. Huyu mnamjua, ingawa wengi wenu hamjamwona. Magamba mwili mzima, meno hana hata moja, ulimi mrefu wa kulambia mchwa. Akishtuka anajikunja kama mpira, na hapo hata simba humgeuza na kumgeuza, akachoka, akaenda zake.

Huko bara, kwenye nchi ya mtama, kulikuwa na mama mmoja mjane, mwenye mtoto mmoja wa kiume. Kijana alioa, kisha akaenda mjini kutafuta kazi, akamwacha mkewe kwa mama. Na yule mama alijivunia mwanawe! Kila Jumapili ukifika wakati wa shukrani, alikuwa wa kwanza kusimama. "Nashukuru kwa ajili ya mwanangu. Kapewa funguo za bohari huko mjini. Watu wazima wanamwamkia." Akikaa, hata kilemba chake kilikuwa kimevimba.

Mwanzoni yeye na mkwewe walikwenda vizuri. Binti alikuwa mcheshi, akitwanga anaimba, mpaka kuku wanamzunguka. Halafu, tangu palizi ya mwaka uliopita, akabadilika. Wimbo ukakatika. Ukimuuliza, "Vipi mwanangu?" anajibu, "Salama, mama," basi, kama mtu aliyefunga mlango kwa ndani. Tena kila mwisho wa mwezi akaanza safari. Anachemsha mihogo, anakaanga karanga, anapanga kikapuni, anafunika kwa kitambaa. "Naenda kumwona shangazi." Siku mbili hayupo. Akirudi, vumbi mpaka magotini na macho mekundu.

Shangazi gani huyo anayeumiza watu macho?

"Shoga, mimi simo," jirani alimwambia mama kisimani, na mnajua mtu akisema simo, huyo kaingia na viatu vyake. "Lakini mwanamke hafuniki kikapu kwa ajili ya shangazi. Kile kikapu kinakwenda kwa mwanamume."

Neno lile lilimwingia mama likakaa. Akilala lipo, akiamka lipo. Mwanawe anahangaika mjini, halafu huyu anakula raha na kikapu! Akatuma ujumbe kwa shemeji yake mkubwa, kaka wa marehemu mumewe: njooni Jumamosi, tumrudishe binti wa watu kwao. Binti aliambiwa Ijumaa. Hakulia, hakuuliza kosa lake. Alisema, "Sawa, mama," na mama akazidi kuchukia. Si afadhali angebisha?

Jumamosi asubuhi, mama yuko kwenye mtama anafukuza ndege, akamwona. Kakakuona! Anamjia uso kwa uso kwa miguu miwili ya nyuma, mikono kaikusanya kifuani kama mtu anayekwenda kuomba radhi. Mama akatupa manati, akapiga vigelegele vilivyofika ng'ambo ya korongo. Binti akaja mbio.

"Mama, taratibu. Utamwogopesha."

"Wewe nyamaza! Neema imekuja kwangu mwenyewe!"

Maana wazee wa huko walikuwa na desturi. Sisi hatutazami mwaka kwa mnyama, tusije tukaelewana vibaya, nawasimulia tu walivyofanya. Kakakuona akionekana, hapigwi. Analetwa uani kwa heshima, anawekwa juu ya ngozi ya mbuzi, mbele yake vinapangwa vitu: ungo wa mtama, kibuyu cha maji, jembe, mshale. Akienda kwenye maji, mvua ipo. Akienda kwenye mtama, maghala yatajaa. Akigusa mshale, ni vita, watu wanashika vichwa.

Shemeji mkubwa akafika na wenzake, wakasahau kabisa walichojia. Kijiji kizima kikajaa ua wa mama. Ngoma ikaletwa. Lakini kakakuona alikuwa amejikunja tangu kule shambani, na akabaki hivyo hivyo, duara la magamba, kichwa hakionekani, mkono hauonekani.

"Ongezeni ngoma!"

Wakaongeza. Kimya.

"Mwagieni maji, ana joto."

Wakamwagia. Ndiyo kwanza akajikaza. Mzee mmoja akamchokonoa kwa fimbo, mara hapa, mara pale, kama anatafuta mlango. Wapi!

Jua likapanda. Shemeji mkubwa akafuta jasho, akatikisa kichwa. "Amekataa. Mnyama huyu hakatai bure. Humu nyumbani mna kitu."

Hakuna aliyetaja jina, lakini mnajua macho yanavyotaja. Yote yakaenda kwa binti, aliyesimama kwenye nguzo ya jiko.

"Baba," binti akasema, sauti ndogo, "mkimwacha akakaa kimya, pengine atafunguka."

"Ahaa!" jirani akadakia. "Kunyamaza tumwachie fundi wake!"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, kidogo tu. Kisha akamwambia mkwewe mbele ya wote, "Kafunge mzigo wako. Wazee wakishakula, safari."

Binti akaingia ndani. Watu wakaenda kwa jirani kula ugali, na mama akaachwa amlinde mnyama, maana magamba yale yana wezi. Akaketi kwenye kigoda. Ngoma imenyamaza. Uani hakuna mtu. Ndani kunasikika kanga zikikunjwa, moja moja, taratibu. Mama akawa anajiambia, leo nalala nimepumua. Lakini pumzi haikuja.

Akakaa. Akakaa. Ndipo akaona magamba yanacheza.

Kwanza ilitoka pua, nyembamba, ikanusa upepo. Kikafuata kijicho kidogo kama punje ya mtama mweusi. Kikamtazama. Mama hakutikisika. Duara likalegea polepole, kama ngumi ya mtu anayesinzia, na katikati, tumboni, mama akaona kitu cheupe-cheupe kama kiganja cha mtoto. Akainama. Kilikuwa kitoto. Magamba yake laini bado, yangechanika kwa ukucha. Kimelala.

Wanangu, wale watu walitaka habari za mvua. Yeye tangu asubuhi alikuwa anamkinga mwanawe asiguswe na ile fimbo.

Yule mama alisimama. Akaingia ndani. Binti ameketi ukingoni mwa kitanda, mzigo umefungwa, mikono yote miwili imeukumbatia. Mama mkwe akaketi chini, sakafuni, jambo ambalo kwao halifanyiki. Hakusema kitu. Inzi akapita. Binti akatazama ukuta.

Baada ya muda mrefu akauliza, "Mwanangu, umefunika nini?"

"Hakuna, mama."

Mama akanyamaza tena. Hakuondoka. Na kule kunyamaza kwake ndiko kulikomshinda binti.

"Ni mwanao, mama."

"Mwanangu kafanyaje?"

"Yuko gerezani. Mwaka wa pili huu. Zile funguo za bohari... aliiba, mama, na wakamkamata. Nikienda kwa shangazi ndiko nakwenda. Siku ya kwanza alinishika mkono akasema, mama asijue, itamuua. Na wewe kila Jumapili unasimama kanisani, kilemba chako kizuri, unamshukuru Mungu kwa ajili ya funguo. Ningesemaje? Nikaona bora mnione mimi nina kiburi."

Je, hapo ungelijibu nini wewe? Mama alivuta ule mzigo kutoka mikononi mwa binti, akaanza kuufungua, na vidole vilikuwa vinakosea fundo.

Watu waliporudi, midomo inang'aa mafuta, walikuta ngozi ya mbuzi tupu. Mama kasimama mlangoni, binti nyuma yake.

"Kakakuona yuko wapi?" akafoka shemeji mkubwa.

"Nimemwachia. Kaenda na mtoto wake mgongoni."

"Na mwaka wetu je? Unatuchezea?"

"Keti, shemeji." Mama alivua kilemba, akakishika mkononi. "Mwanangu yuko gerezani. Kaiba. Huyu hapa ndiye anayempelekea chakula kila mwezi, kwa miguu, huku mimi na nyinyi tukimwita malaya. Mmekuja kumrudisha mtu kwao. Kama kuna wa kurudishwa leo, nirudisheni mimi."

Jirani alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Shemeji mkubwa alizunguka uani mara mbili, akaokota mshale wake, kisha akauliza kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, "Huko gerezani, wanaruhusu wangapi kuingia?"

Sasa sisi.

Sisi tunapenda ngoma, jamani. Mtu akijikunja kidogo tu tunamzunguka: "Umekuwaje? Mbona siku hizi hivyo? Si useme!" Asiposema tunamwagia maji. Akijikaza tunachukua fimbo, na fimbo yetu ni huu ulimi, hauna mfupa lakini unafika. Mwisho tunatoa hukumu: ana maringo, ana pepo, ana mtu wa pembeni. Tena tunaiita hukumu hiyo maombi. "Tumwombee fulani, ana lake."

Nani kati yetu amewahi kufunguka kwa kuchokonolewa? Nyoosha mkono nikuone. Hakuna. Hata wewe uliyebeba jambo leo hapo ulipo, na najua umebeba, humwambii mwenye maswali mengi. Unamwambia aliyekaa.

Yuko dada mmoja humu huondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Msigeuke kumtafuta! Mnaona? Tayari shingo zimegeuka. Yuko mzee ambaye siku hizi hasalimii. Yuko mkwe wako, yuko mdogo wako, yuko mume wako anayerudi na kuketi nje peke yake. Wiki hii mchague mmoja. Usimuulize kitu. Peleka kigoda chako, kaa karibu, menya karanga, nyamaza. Akikaa kimya siku ya kwanza, nenda siku ya pili.

Na ujiandae kabla hujaenda. Huenda siku akifunguka ukakuta si dhambi yake aliyoifunika muda wote ule, huku wewe ukimsema. Huenda ukakuta ni mwanao. Huenda ukakuta ni wewe.