Mawifi Wawili na Meli ya Mezani

Ukikaza kamba ya kulia, iulize ya kushoto.

Methali hii mliisikia jana jikoni, mama yenu mdogo alipowaambia wale wapishi wawili waliokuwa wanatia chumvi kwenye sufuria moja ya pilau, kila mmoja kwa zamu yake na kwa siri yake. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Wengi hudhani ni ya manahodha. Si yao. Yalizaliwa Muheza kwenye machungwa, juu ya meza ya kulia chakula, na walioyazaa ni wanawake wawili ambao hawakuwahi kufunga hata kamba ya mtumbwi.

Ila kwanza tegueni hiki, ndipo tutakwenda pamoja. Babu yangu ana mguu mmoja. Wajukuu wamemshika kulia na kushoto asianguke. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nimekwenda Muheza nimerudi, na jibu lenu ni mlingoti wa meli na kamba zake. Sasa kaeni vizuri, maana methali yenyewe ilianza hivi.

Palikuwa na bwana mmoja, Yusufu Semboja, aliyeendesha winchi bandarini Tanga mpaka akastaafu. Aliporudi kwao Muheza, wenzake walipanda michungwa, wengine wakafungua vioski. Yeye akaanza kuunda meli. Si meli ya kupanda mtu, hapana. Meli ya mbao ya kuweka mezani, urefu wake tangu bega hadi ncha za vidole, mfano wa zile za matanga za zamani. Hakuiuza wala hakutumwa na mtu. Ilikuwa raha ya mikono yake tu, kama mwingine anavyocheza bao.

Mkuku, yaani ule uti wa mgongo wa meli, aliuchonga kwa mtiki. Mbao za ubavuni alizitoa kwenye makasha ya machungwa, akazichana nyembamba, akazichemsha ili zipinde bila kuvunjika. Na alizichemsha katika sufuria ya mkewe, Bi Rukia. Bi Rukia akawa ananung'unika kwamba wali wake unanuka seremala, lakini jioni ndiye aliyemshikia taa mumewe akipachika ubao juu ya ubao.

Jambo alilojivunia zaidi Yusufu lilikuwa la kamba. Kila upande wa meli, pale kamba zinaposhukia ubavuni, alitia kijiti cha kukazia, kama vile vijiti vya kukazia nyuzi za udi. Ukikizungusha hivi, kamba zote za upande ule zinakaza. Ukikirudisha, zinalegea. Akamwambia binti yake wa pekee, Saumu: "Wenzako wakiolewa hupelekewa vyombo, masufuria na vikombe. Wewe utapelekewa na meli, na itatangulia mbele ya masufuria."

Mungu hakumpa muda. Alifariki meli ikiwa na mwili wake wote na mlingoti umesimama, lakini kamba hazijafungwa na matanga hayajashonwa. Bi Rukia akaifunika kwa kanga, akaiweka juu ya kabati. Kila alipofagia chumba alipita mbali nayo, kana kwamba mtu amelala pale.

Ukapita muda, Saumu akaposwa na kijana wa Tanga mjini. Mahari yakapokelewa, siku ya harusi ikawekwa, na siku ya kupeleka vyombo kwa bwana harusi nayo ikawekwa. Ndipo Bi Rukia akaishusha meli na kuipangusa vumbi. Katika nyumba ile hakikuwa kimebaki kitu kingine kilichotoka mikononi mwa Yusufu, na hakuna aliyeweza kuunda kingine kama hicho. Kikiharibika, kimeharibika.

Hakuwa peke yake. Nyumba ya pili ilikuwa ya Bi Mwajabu, dada wa marehemu, wifi yake. Bi Mwajabu aliingia kwa mlango wa uani bila hodi, kama alivyozoea, akavuta kiti.

"Wifi, kamba hizo kaka yangu alizitaka zikaze ziimbe," alisema.

"Kaka yako alikuwa mume wangu," alijibu Bi Rukia, "na alizitaka zikae kwa kiasi."

"Alikuwa kaka kabla hajawa mume."

"Na wali alikula kwangu, si kwako."

"Ndiyo maana alikonda."

Saumu alikuwa ameketi mkekani, akawasikiliza mpaka akachoka. "Basi gawaneni," alisema. "Mama ashike upande wa kulia, shangazi wa kushoto. Na asiguse mtu upande wa mwenzake."

Wakakubali, wakapeana mikono juu ya meli. Bi Rukia alikata matanga kwa amerikani, akayachovya kwenye chai ya rangi ili yaonekane yamekula miaka. Bi Mwajabu alileta uzi wa kushonea viatu, akaupitisha kwenye nta mpaka ukang'aa. Kamba zikafungwa, kulia kwa mama, kushoto kwa shangazi, na mlingoti ukasimama wima kama askari wa gwaride. Wakaitazama kazi yao, na kila mmoja akafuta machozi akisingizia kikohozi.

Hapo ndipo wangeiacha.

Asubuhi moja Bi Rukia alipita na kikombe chake cha chai, akaona mlingoti umelala kidogo kushoto. Kidogo tu, kama mtu anayesikiliza jirani. Akajiambia: wifi amekaza kwake. Waliahidiana asiguse mtu upande wa mwenzake, naye hakugusa upande wa mwenzake. Alizungusha kijiti chake cha kulia kidogo, mlingoti ukarudi. Akaenda zake kuanika nguo, moyo mweupe.

Mchana Bi Mwajabu aliingia kuazima chekecheke, akaona mlingoti umelala kidogo kulia. Naye akajiambia vile vile, naye akazungusha cha kwake.

Nani alianza? Hicho ni kitendawili ambacho ningetoa miji yote ya pwani na bado nisipate jibu. Huenda hakuanza mtu, huenda ilikuwa meza tu imesukumwa wakati wa kufagia ikakaa mahali sakafu imebonyea. Lakini kuanzia hapo, kila mmoja alipopita alisahihisha, na kila aliyesahihisha aliona amefanya haki. Mlingoti ulionekana wima kila jioni. Kilichobadilika ni sauti tu. Mwanzoni ukizigusa kamba zilinguruma kama ngoma iliyoloa. Baadaye zikalia kama nyuki. Wiki ya harusi zilikuwa zinalia kama mbu, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Na msidhani ilikuwa meli peke yake. Saumu alikuwa amewekwa ndani, kama ilivyo desturi ya bibi harusi, asionwe na jua. Mama yake alimwambia apunguze kula, gauni litabana. Shangazi aliposikia mama ametoa amri, akatoa ya kwake: bibi harusi hacheki ovyo. Mama naye akaongeza: asinywe chai yenye sukari. Shangazi akaongeza: asiongee na mashoga zake dirishani. Mwari wa watu akawa anakaa kwenye mkeka kimya, njaa inamuuma, na wote wawili wanasifu jinsi alivyotulia.

Siku ya kupeleka vyombo ikafika. Pikapu iliyokodiwa ilikuwa nje, masufuria yamepangwa, majirani wamevaa sare na wanajaribu nyimbo uani. Bi Rukia akaingia chumbani na sinia kubwa la kubebea meli. Kabla hajalitua mezani, akasikia *ta*, sauti ndogo kama ya kuvunja njiti ya kiberiti.

Akainama. Mlingoti haukuwa umelala kulia wala kushoto. Ulikuwa umepinda katikati kama upinde wa mshale, na mguu wake ulikuwa umeisukuma meli kwa chini mpaka mbao mbili za tumboni zikaachana. Pale zilipoachana angeweza kupitisha ukucha.

"Yusufu," alisema kwa sauti ya chini, kama anayemwita mtu chumba cha pili.

Kisha akachukua wembe uliokuwa kwenye kikapu cha kushonea. Aliwaza jambo moja tu, kamba zinaua meli, zikatwe. Wembe ulikuwa umeshaugusa uzi wa kwanza wa kulia, Bi Mwajabu alipoingia akamshika kifundo cha mkono.

"Wifi, usikate."

"Niache. Huoni inapasuka?"

"Naona. Ukikata za kwako, za kwangu zitauvuta mlingoti wote huku kwangu kwa mpigo mmoja. Utakatika kama muwa."

Bi Rukia aliutazama uzi, akautazama mlingoti, akauweka wembe chini taratibu. Saumu alikuwa amesimama mlangoni na ukaya wake kichwani, mkono mdomoni. Nje majirani waliendelea kuimba.

"Wifi," alisema Bi Rukia, "ulizikaza?"

"Upande wangu tu. Haki ya Mungu, wako sikuugusa."

"Kwa nini sasa?"

"Kila nikipita nakuta umekaza wako. Nikasema, huyu anamvuta kaka yangu kwake hata kaburini."

Bi Rukia alikaa kwenye kiti. "Na mimi kila nikipita nakuta umekaza wako."

"Kumbe."

"Kumbe hivyo."

Walitazamana juu ya ile meli. Bi Mwajabu ndiye aliyeanza, mabega yakimtikisika, na Bi Rukia alidhani analia mpaka aliposikia kicheko.

"Tungeendelea hivi," alisema Bi Mwajabu, "tungempelekea mkwe kuni."

"Nyamaza, tutacheka ipasuke. Shika kijiti chako. Usikizungushe mpaka nikwambie."

"Nimeshika."

"Nalegeza changu robo. Unaonaje?"

"Imekuja kwangu kidogo. Na mimi nilegeze?"

"Legeza. Polepole. Hapo hapo."

"Sasa wewe."

Walikwenda hivyo, huyu akiuliza na huyu akijibu, wameinama vichwa vimekaribiana mpaka kanga zao zikagusana. Sauti ya kamba ikashuka kutoka mbu hadi nyuki. Mlingoti ukaanza kunyooka. Saumu alikuwa amepiga magoti akichungulia chini ya tumbo la meli, na ndiye aliyewaambia: "Zinarudi. Mama, mbao zinarudi."

Na kweli zilirudi. Marehemu alizichemsha vizuri zile mbao, akazipa subira ya kupinda, kwa hiyo zilipoachiwa zilijua njia ya nyumbani. Ule mwanya ukafunga mpaka ukabaki mstari mwembamba. Bi Mwajabu akaupaka gundi ya mbao kwa ncha ya kijiti cha meno. Bi Rukia alipitisha kidole pale chini mara ya kwanza, akapitisha tena, hakuhisi kitu. Akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu siku ya msiba.

"Alhamdulillahi," alisema. "Ni nzima."

"Ni nzima, wifi."

Saumu hakuinuka pale chini. Alijifuta uso kwa ncha ya ukaya, akasema: "Meli mmeilegeza. Na mimi je?"

"Wewe una nini?" aliuliza mama yake.

"Wewe umenikaza nisile, shangazi amenikaza nisicheke. Ukiongeza wewe na yeye anaongeza. Jana nimeota ugali, nikaogopa hata kuamka nikausimulie."

Mawifi walitazamana tena, na safari hii hakuna aliyecheka haraka.

"Wifi," alisema Bi Rukia polepole, "mtoto ale?"

"Ale. Gauni ni kitambaa, litaachiwa mshono. Na kucheka, unaonaje?"

"Acheke. Si ameshaanza."

Mama akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na bakuli la mihogo ya nazi na kikombe cha chai yenye sukari inayoonekana. Saumu alikula amekaa palepale kando ya meli, shangazi yake akimpepea kwa ungo, na pikapu ikasubiri. Dereva alipiga honi akachoka, akaja naye akapewa bakuli.

Walipofika Tanga meli ilishuka kwanza, mbele ya masufuria, kama alivyotaka mwenyewe. Mawifi waliibeba pamoja kwenye sinia, Bi Rukia upande wa kulia na Bi Mwajabu wa kushoto, na kila hatua wakiulizana. "Nimeinua, wewe je?" "Ngoja, sasa inua." Mama wa bwana harusi aliwapokea barazani, akacheka: "Ninyi mbona mnaulizana kama mmebeba mayai?"

Bi Mwajabu alikuwa hawezi kuficha jambo zuri. Alimsimulia yote palepale, vijiti na wembe na mihogo, na wanawake wote wa pande mbili wakamsikia. Alipomaliza, mama wa bwana harusi aliitazama meli, akamtazama Bi Rukia, mwenzake ambaye sasa wanalea naye binti mmoja, akasema, "Basi, dada, tumeshafundishwa. Mimi nikikaza kwangu nitakuuliza kwanza."

"Na mimi nitakujibu," alisema Bi Rukia.

Maneno yakatoka barazani hapo yakaenda sokoni, yakarudi Muheza kwa basi, yakafika mpaka kwenu. Baba akimfungia mtoto bila kumuuliza mama, watu huyasema. Wapishi wawili wakitia chumvi sufuria moja, mmesikia wenyewe. Wala hayakatazi kukaza, maana mlingoti usiokazwa nao huanguka. Yanasema tu kwamba mwenzako yuko upande wa pili, ameshika kijiti kama chako, na anampenda yule wa katikati kama wewe.

Ukikaza kamba ya kulia, iulize ya kushoto.