Kuni za Kuaga

Paukwa!

Pakawa!

Nusu mmeitika, nusu mnaota moto tu. Narudia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ya kabla ya bibi yake bibi yangu, kulikuwa na nchi ya milimani yenye baridi kali. Kipupwe kikifika, nyasi ziliamka nyeupe kwa sakitu, na ng'ombe walitoa moshi puani kama wazee wavuta kiko. Huko aliishi mjane mmoja, jina lake Atuganile, na binti yake Tusekile, mtoto wa miaka kumi.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi zake. Binti akiolewa, alitoka kwao na mzinga wa nyuki wa mama yake, ukiwa unavuma. Atuganile naye aliupata hivyo kwa mama yake. Mzinga ukinyamaza, binti alikwenda kwa mumewe mikono mitupu, na kilichotoka kwa mabibi kikawa kimekatika. Desturi nyingine ilikuwa fupi: mti usio na jani ni kuni. Hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo.

Basi kipupwe kimoja malkia wa nyuki akatoka mzingani, akatua mkononi mwa Atuganile. Akasema wamechoka. Miezi mitatu mizima hakuna ua hata moja, nusu ya watoto wake wamekufa njaa, na sasa wanahamia bondeni kwenye joto. Atuganile akamsihi sana, akamwonyesha Tusekile anayecheza uani. Malkia akamtazama mtoto.

"Nionyeshe ua moja," akasema, "moja tu, linalochanua kipupwe, nasi hatutahama."

Atuganile akauliza kila mwenye mdomo. Mbuzi alisema yeye hula majani, maua hayamhusu. Fuko alisema anajua mizizi tu. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza utamu wa maua, ndiye aliyejua. Alisema nyuma ya mlima wa tatu kiko kichaka kinachochanua baridini, matawi yakiwa matupu, na maua yake ni kama nyuzi za njano. Akaenda, akarudi na mbegu tatu nyeusi.

"Lakini kichaka hiki hakina haraka," akaonya. "Kama una haraka, panda maboga."

Atuganile akazipanda nyuma ya nyumba, mahali panapopata jua la asubuhi, akatandaza majani makavu juu yake udongo usikauke.

Kipupwe cha pili kikaja, na pale palikuwa udongo mtupu. Malkia akatoka. "Mama Tusekile, ua liko wapi?" Atuganile akajibu, "Liko njiani." Mwaka huo hakurina asali. Aliwaachia nyuki yote, wapate cha kula.

Kipupwe cha nne kikaja. Mbegu moja ilikuwa imeota, mche wake unafika gotini, nao umepukutika majani yote. "Mama Tusekile, ua liko wapi?" "Liko njiani." Asali tena hakuigusa. Majirani wakamcheka, mwenye mzinga anakunywa uji mkavu.

Kipupwe cha nane kikaja. Kichaka kilimfika kifuani, fimbo tupu. "Mama Tusekile, ua liko wapi?" Safari hii alikitazama kwanza kichaka. "Liko njiani," akasema.

"Sauti yako imepungua," malkia akamwambia. "Tutangoja mpaka mwezi mwingine uandame. Baada ya hapo tutakwenda."

Na mwezi huohuo ndio uliokuwa wa harusi ya Tusekile. Kule kwao, siku chache kabla ya kuolewa, binti alimkatia mama yake kuni za kuaga, mzigo mmoja uliofungwa vizuri, ili siku za kwanza za upweke mama asikose moto. Atuganile alikuwa amekwenda kualika ndugu kijiji cha mbali. Tusekile akashika panga, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya kile kichaka. Tangu utotoni alikiona kikiwa fimbo tupu kila kipupwe, na habari za kwamba kitachanua alizisikia mpaka akaacha kuzisikia. Akawaza: mti huu umekufa zamani, mama anaona aibu kukiri. Heri umpe moto kuliko kumpa aibu.

Akakata. Vile vifundo vidogo vya kahawia vilivyojaa kwenye matawi hakuvitazama. Aliacha tawi moja la chini, si kwa kulionea huruma, mzigo ulikuwa umeshamtosha. Akausimamisha jikoni karibu na mafiga, kwenye joto na mvuke wa chungu.

Atuganile alirudi siku ya pili jioni, amechoka, akalala bila kukoka moto. Asubuhi aliamshwa na harufu, kama asali iliyotiwa kwenye maziwa ya moto. Akaifuata hadi jikoni. Kuni zilikuwa zimechanua. Kila kijiti kilikuwa na nyuzi za njano, na nyuki walikuwa wakiingia kwa upenyo wa paa.

Akayatambua matawi yake. Alikasirika, nisiwafiche. Alimwita binti yake kwa sauti ambayo hajawahi kumwitia. Tusekile alipoelewa alichokata, alikaa chini kwenye majivu akalia.

"Mama," akasema, "nilitaka usione baridi."

 Vipupwe vinane Atuganile alilingoja ua hili kwa ajili ya mtoto, na mtoto amelikata kwa ajili yake. Angempiga nani? Akaketi naye majivuni.

Malkia akatua kwenye kuni. "Leo siulizi," akasema.

Wakatoka nje wote watatu. Kwenye kisiki, lile tawi moja nalo lilikuwa na ua, nyuzi zake zimejikunja kwa sakitu. Jua lilipopanda zikajikunjua taratibu.

Tusekile akaenda kwa mumewe, na mzinga wake unavuma. Atuganile akabaki na kisiki. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali kuliko zote, naye alitetemeka kweli, lakini zile kuni za kuaga hakuzichoma.

Mwaka uliofuata kisiki kilichipua, na vifuko vya mbegu vya lile tawi vikapasuka, ta, ta, ta, mbegu zikaruka uani. Atuganile akaokota tatu, akazifunga kwenye pindo la nguo, akazipeleka kwa binti yake. Alimkuta na mtoto wa kike mgongoni. Wakapanda pamoja, wakatandaza majani makavu. Malkia akatoka mzingani, mazoea yana taabu.

"Mama Tusekile, ua liko wapi?"

Atuganile akafungua kinywa ajibu, lakini Tusekile alimtangulia.

"Liko njiani," akasema. Na mwaka huo hakurina asali.

Hadithi yangu imekomea hapo, ilipokomea kwa aliyenipa. Na wewe uliyeshika ukuni, kabla hujautia motoni, unuse kwanza.