Marejea ya Honorata

Alfajiri ya Jumanne moja, mwezi wa Juni mwaka 1972, jogoo wa Honorata hakuwika. Alipofungua banda alimkuta amelala chali, na pembeni mitetea wawili wamejikunyata, hawawezi kusimama. Wiki iliyotangulia alikuwa amekwisha kufukia wengine.

Honorata wa Kidahwe hakuwa mtu wa kupiga ramli. Aliyapanga mambo kama yalivyofuatana: kuku walikuwa wazima, wageni wakaja, kuku wakaanza kufa. Wageni hao ni Mélanie na watoto wake, waliokimbia mauaji ya Burundi. Honorata mwenyewe ndiye aliyewatoa barabarani, akawalaza katika banda la jiko, wakala chungu kimoja.

"Nilikuonya, dada," alisema Gervasi, jirani yake na mjumbe wa nyumba kumi. "Mtu humjui kwao, unamlaza penye moto wako! Leo kuku, kesho wewe. Lori la wakimbizi linapakia barabarani. Waende na wenzao."

Mélanie alikuwa akifagia uwanja, kama alivyofanya kila asubuhi.

"Fungasha," Honorata alimwambia. "Umeniulia kuku."

"Nakoze iki, mama?" Mélanie aliuliza kwa Kirundi. Nimefanya nini?

"Unakijua mwenyewe."

Mélanie aliegemeza ufagio ukutani, akambeba mtoto mdogo mgongoni, akawashika mkono wakubwa, akaondoka.

Mchana akafika Nikodemu, bwana mifugo, aliyekuwa ameitwa tangu jana. "Shikamoo, mama," alisema, kisha hakupoteza maneno. Alichukua mtetea aliyekuwa amekata roho muda huo, akampasua. Ini lilikuwa limevimba na kubadilika rangi. Akapasua firigisi. Honorata aliinama kwa shauku, akitarajia kuona unga wa mganga au kitambaa chenye dawa.

Firigisi ilijaa mbegu ndogo za kahawia, zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

"Zimetoka wapi hizi?"

Honorata aligeuka taratibu akatazama ua wake. Kandokando ya ua huo maua ya njano yalisimama kama askari wa gwaride, na maganda makavu yalicheza kwa upepo kama kayamba. Mbegu zake alizichukua mwenyewe kule Ilagala, alikokwenda kununua dagaa. "Hayo ni marejea tu," alisema. "Mboga aliyotupikia marehemu mama."

Nikodemu alichuma tawi. "Mama, marejea ya mboga kila kikonyo kina vijani vitatu. Haya yana jani moja moja. Na mbegu za mboga ni za manjano au rangi ya chungwa, si za kahawia. Ni ya ukoo mmoja, na maua yanafanana kama mapacha. Lakini haya yana sumu."

"Haiwezekani! Kuku wangu wameishi nayo tangu masika ya mwaka jana."

"Ulikuwa unawalisha nini?"

"Chenga za mahindi."

"Na mwezi huu?"

Honorata aligeukia banda la jiko. Mwezi huu chenga zote zilikwenda kwenye chungu cha wageni, kwa amri yake mwenyewe. Kuku wenye njaa walipekua chini ya maua hayo.

"Majani yake mmekwisha kula?" Nikodemu aliuliza.

Kapu lilikuwa jikoni, limejaa majani machanga aliyoyachuma Honorata jana kwa mara ya kwanza baada ya kitoweo kingine kuisha, mboga ya jioni hiyo: yake, ya Mélanie, na ya watoto.

"Yafukie mbali," alisema Nikodemu. "Kisha ng'oa mimea yote."

Honorata hakungoja jembe. Alitoka mbio, kilemba kikamdondoka njiani, hakukiokota. Barabarani alikuta vumbi na alama za magurudumu. Gervasi alikuwa amesimama peke yake, ameshika kipande cha kanga kilichofungwa fundo.

"Lori limekwisha kuondoka," alisema. "Amekuachia hiki."

Ndani mlikuwa na maharage yenye mabaka mekundu. Honorata aliyatambua. Ni mbegu ambayo Mélanie alitoka nayo kwao, akakataa kuipika hata siku ile chungu kilipokuwa na maji na chumvi tu.

"Amesema nini?"

Gervasi alitazama chini. "Amesema, 'Mpe mama apande. Murakoze.' Ndiyo asante yao."

Honorata alikaa kitako vumbini, maharage mapajani. Mgeni aliyemfukuza jikoni hakuwa adui. Adui wa kweli alimpanda uani kwa mkono wake mwenyewe, akampalilia, akamsifu kwa majirani. Kikulacho ki nguoni mwako.