Jongoo wa Kumi na Moja

Paukwa!

Pakawa!

Mbona nyie wa nyuma hamkuitika? Paukwa! Haya, sasa nimewasikia wote. Naanza.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na shule kando ya mto. Mwalimu wao alikuwa Korongo. Shingo ndefu, subira fupi.

Siku ya kwanza Korongo alitupa kokwa chini, ta! ta! ta! Akauliza ni ngapi. Sungura akajibu kabla hazijatulia. Jamvi la mbele. Kima akajibu upesi. Jamvi la mbele. Kinyonga akazitazama kwa jicho la kulia, akazitazama kwa jicho la kushoto, ndipo akajibu. Jibu lilikuwa sahihi. Korongo akasema limechelewa. Jamvi la nyuma. Jongoo naye, jamvi la nyuma. Wakawa kumi na mmoja huko nyuma, na hakuna aliyepimwa tena. Siku ile moja tu, basi.

Wa mbele wakafundishwa kuhesabu hadi mia. Wa nyuma, hadi kumi. Leo kumi, kesho kumi, keshokutwa kumi.

Jongoo akainua mguu mmoja. "Mwalimu, miguu yangu inayobaki baada ya kumi niihesabuje?"

Wa mbele wakacheka, kwa! kwa! kwa!

"Wewe kumi inakutosha," akasema Korongo.

Jongoo akashusha mguu. Hakuuliza tena. Inauma, jamani. Mtoto akiacha kuuliza inauma.

Kila asubuhi kila jamvi lilijihesabu. Wa nyuma walihesabu mpaka kumi, wakasema wametimia. Jongoo alikaa mwisho kabisa, hesabu haikumfikia. Hakuna aliyeona kasoro.

Masika yakaja. Mto ukafura, ukavunja kingo, waaa! Korongo akawaita, wakakimbilia mlimani. Huko juu akaagiza kila jamvi lijihesabu. Wa mbele wakahesabu thelathini, wakatimia. Wa nyuma wakahesabu mpaka kumi. Wakasema wametimia. Hesabu imeshasema, nani aipinge? Korongo akashusha pumzi.

Baadaye mama yake Jongoo akapanda mlima, polepole, akimwita mwanawe. Akawatazama watoto mmoja mmoja.

"Mwalimu, wangu yuko wapi?"

Korongo akawageukia wa nyuma kwa hasira. Kinyonga ndiye aliyejibu, machozi yanamtoka macho yote mawili.

"Tulihesabu mpaka pale ulipotufundisha, mwalimu."

Korongo akageuka kuutazama mto.

Maji yalipopungua walishuka kutafuta. Jamvi la nyuma lilikuwa limenasa kwenye mizizi, na Jongoo chini yake. Amejikunja, miguu yote ndani. Hana uhai. Mama yake alimbeba hivyo hivyo, hakumkunjua.

Walipomaliza kumzika, Korongo alishona majamvi mawili yakawa moja. Wote wakakaa. Akasimama mbele yao, shingo imeinama.

"Leo," akasema, "tunaanza na kumi na moja."

Sikieni, wanangu, na nyie wazazi wenzangu. Mtoto anayechelewa kujibu si mtoto asiyejua. Usimpime siku moja ukamkatia mafunzo ya siku zote. Ukimwekea mwisho mtoto, mwisho huo utakuja kukuliza na wewe.

Hadithi yangu naiachia hapo. Na nyie wa nyuma, sogeeni mbele.