Kibanda cha Kinyozi Mwenye Upara

Asubuhi ya kuzindua jumba jipya katikati ya mji wa Singida, tajiri Kinyeto alikikuta kibanda cha Mghenyi, kinyozi mwenye upara, bado kimesimama ubavuni mwa jumba lake.

"Nilikwambia ukibomoe. Mgeni rasmi yuko njiani."

"Kweli, bosi. Kibaya kama kichwa changu. Ila tukibomoa sasa, vumbi litamkuta na suti yake. Kifunike tu, kesho utabomoa."

Kinyeto akakifunika kwa kitambaa cha sherehe.

"Na upepo wa Singida huu? Kifunge kwa utepe uliobaki. Akili zangu zilidondoka pamoja na nywele, lakini upepo naujua."

Kikafungwa.

Mgeni rasmi alizindua jumba, akageuka, akaona utepe mwingine. Kando yake alisimama Mghenyi na sinia, juu yake mkasi wa kukatia nywele. Mgeni akakata. Kinyeto alipiga makofi kuliko wote, maana kamera zilimwelekea.

Kesho yake alikuja na tingatinga. Mghenyi alikuwa akitundika mlangoni picha ya mgeni rasmi akikata utepe.

"Bomoa tu, bosi. Mimi kupoteza nimezoea, nitazame kichwa. Ila aliyekizindua utamwambia mwenyewe."